Kilio cha Saa Kumi na Dakika Ishirini

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya shule, nikaitafuta na kwenye ile kalenda ya ukutani yenye bendera zote za dunia, sikuiona. Kwa hiyo asije mtu akaninong'oneza kwamba ameitambua. Akiitambua, hilo ni lake yeye na roho yake, mimi simo.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo palikuwa na mji mkuu, na katika mji mkuu palikuwa na Sinema Zuhali, jumba la pazia moja na viti mia sita. Majumba mengine ya sinema ya mji ule yalikuwa yamekwisha kwenda. Moja liligeuzwa ghala la matairi, moja likawa ukumbi wa harusi, na la tatu lilibomolewa kwa bahati mbaya: wabomoaji walitumwa jengo la jirani, wakakosea mlango, na walipotanabahi walikuwa wameshafika nusu, wakaona haya kuiacha kazi njiani. Serikali iliwapa cheti cha bidii.

Ndani ya Zuhali alibaki Mzee Sufiani Mkwanda, opereta, yaani yule mtu anayekaa kwenye kijichumba cha juu nyuma ya watazamaji, akiendesha mtambo na kubadilisha mikanda. Alikuwa na miaka sitini na saba, na arobaini na mmoja kati ya hiyo ilikuwa imeishia mle kijichumbani. Marehemu mkewe, alipokuwa hai, alikuwa akiwaambia watu kwamba ana mke mwenza, naye anatumia umeme. Sasa mkewe hayupo, watoto wako nchi za watu, na mzee hakuwa na kitu kingine duniani cha kumfanya aoge asubuhi ila ule mtambo.

Siku moja ikaja barua kutoka Wizara ya Usasa. Ilisema kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Majengo Marehemu, siku ya tisini tangu tarehe ya barua, Mhesabu Vichwa wa Serikali angefika Zuhali. Endapo angekuta waliokaa hawafiki nusu ya viti, ukumbi ungetambuliwa rasmi kuwa umefariki, na ungezikwa pasipo usumbufu kwa wafiwa. Kuzikwa, kwa lugha ya Wizara, ni kubomolewa. Mahali pake pangejengwa maegesho ya magari ya Waheshimiwa, ghorofa kumi na mbili, kwa kuwa magari ya Waheshimiwa yalikuwa yamewazidi Waheshimiwa wenyewe kwa idadi. Barua hiyo ilitoka jengo linalotazamana na Zuhali, na ilichukua siku kumi na nne kuvuka barabara.

Mzee Sufiani aliisoma mara mbili, akashuka nayo mpaka dirisha la tiketi kwa Bi Tausi Machano, ambaye alikuwa amekaa dirishani hapo miaka thelathini na hajawahi kudanganywa na mtu.

"Nusu ya viti ni mia tatu," alisema Bi Tausi. "Jana tulikuwa na wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na mmoja aliingia kukwepa mvua, akalala."

"Aliyelala naye amekaa kwenye kiti," alisema Mzee Sufiani. Akarudi juu, akafunga mlango wake, na mara mbili akauvika mkanda kinyume kwenye magurudumu yake.

*

Ili mnielewe huko mbele, lazima niwaeleze habari za Jumapili.

Kila Jumapili saa nane mchana Zuhali ilikuwa na onyesho la wanawake pekee, desturi iliyokuwepo tangu jumba lilipofunguliwa. Mwanamume haingii, isipokuwa Mzee Sufiani kule juu, naye alihesabiwa kuwa ni sehemu ya mtambo. Zamani walikuwa wakijaa mpaka kwenye vijia. Sasa walikuwa wamebaki ishirini hivi, bibi za watu, wanaokuja na chupa za chai, makapu ya kachori, na umbea wa wiki nzima. Filamu ilikuwa ile ile kila wiki, ya mke wa mfinyanzi. Mume anaondoka kwenda kutafuta maisha, mke anabaki akifinyanga vyungu na kumngoja miaka na miaka, na siku mume anaporudi, mke anakata roho yeye akiwa kizingitini. Lugha ya filamu hiyo hakuna aliyeijua mjini. Maneno yake kila mmoja aliyajua kwa moyo.

Wanawake wa Zuhali hawakuwa na tabia ya kungoja mtu afe ndipo walie. Hiyo waliiona tabia ya wageni. Kifo chenyewe kilikuwa kinatokea saa kumi na dakika ishirini na tano, lakini saa kumi na dakika ishirini, mke wa mfinyanzi akiwa bado mzima, anacheka, anaosha vikombe viwili kwa ajili ya chai ya mumewe, Bi Kidawa wa safu ya nne alikuwa akivuta ncha ya khanga yake na kusema, "Haya." Hapo ukumbi mzima ulikuwa unaangua kilio. Mpaka mauti yafike, khanga zote zimelowa.

Bi Kidawa alikuwa mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya mji. Binti mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini wanalia mapema. "Anapocheka ndipo pa kumlilia," alimjibu. "Akishakufa amepumzika. Utamlilia wa nini?"

*

Habari za kufungwa Zuhali zilipotoka, mji ulianza kushusha pumzi. Watu ambao hawakuwa wamekanyaga mle ndani miaka ishirini walisimama ng'ambo ya barabara, wakaegemeza vichwa upande na kusema, "Ah, Zuhali." Huyu alikumbuka kiti alichokaa siku aliyomchumbia mkewe. Yule alikumbuka kiti alichokaa na ambaye hakuja kuwa mkewe. Walisimulia, walisikitika, wakafuta macho, kisha wakaenda zao. Kuingia ndani hawakuingia. Majonzi walikuwa nayo, nafasi ndiyo hawakuwa nayo.

Lakini kule juu, pumzi zile zilisikika. Jioni moja Waziri wa Usasa, Mheshimiwa Dokta Injinia Fidelisi Mbalamwezi, alizungumza redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "imebainika kwamba wapo wenzetu wanaokumbuka. Serikali yenu sikivu haikatazi kukumbuka. Serikali inauliza tu: unakumbuka nini, unakumbuka na nani, na kwa kibali cha ofisi ipi? Anayesema zamani palikuwa pazuri, anasema nini kuhusu sasa? Na huyu anayeisema sasa, anasema nini kuhusu Mtukufu Kiongozi wa Daima, ambaye kwa mikono yake mwenyewe ndiye aliyetuletea sasa? Naomba kila mmoja ajiulize. Asipojiuliza, tutamuuliza."

Kesho yake, onyesho la saa tisa, akaja mtu mgeni.

Mzee Sufiani alimwona kupitia kile kidirisha chake. Mtu wa makamo, suti ya kijivu, kaketi safu ya mwisho na gazeti wazi mbele ya uso, na taa zimeshazimwa. Ikafika pale mbuzi wa mfinyanzi anapokula barua ya mahari, mahali ambapo hata mtu mwenye jino bovu hucheka. Hakucheka. Siku ya pili walikuwa wanne. Wiki ilipokwisha walikuwa arobaini.

Mzee alifurahi siku tatu. Siku ya nne alianza kuingiwa na mashaka. Watu hao walikuwa wanakuja mmoja mmoja, na kutoka mmoja mmoja, wakipishana dakika tano. Hawakununua karanga. Wote walivaa kandambili mpya na kofia mpya, kama watu walioambiwa wavae kimaskini na hawajui maskini anavaa nini. Zaidi ya yote, pale dirishani hakuna aliyeuliza inaonyeshwa filamu gani. Waliuliza, "Kuna wengi ndani?"

"Hawa hawatazami sinema," alisema Bi Tausi. "Wanawatazama wanaotazama sinema."

"Na wanaotazama sinema ni akina nani?"

"Si ndio hao hao."

Na ndivyo ilivyokuwa. Idara ya Usalama wa Hisia ilikuwa imetuma watu wake kuchunguza ni nani wanaoikumbuka Zuhali. Polisi nao walituma wao. Wizara ya Usasa ilituma wake, Vijana wa Chama wakatuma wao, na Jeshi la Majini likatuma wake pia, maana nchi ile haikuwa na bahari na wanamaji walikuwa na muda mwingi. Kwa kuwa kila ofisi ilifanya siri, hakuna aliyejua habari za mwenzake. Kila shushushu akawa anaandika alichokiona: kuna watu arobaini, wanahudhuria kila siku, hawacheki, wanatupiana macho kwa kificho, wanatoka mmoja mmoja. Wakubwa waliposoma walishtuka, wakaongeza watu. Watu walipoongezwa, ripoti nazo zikanenepa. Siku ya hamsini na sita walikuwa mia nne na kumi na wawili, wamekaa gizani shingo zimepinda, hakuna hata mmoja anayetazama mbele. Duka la dawa lililokuwa jirani liliishiwa dawa ya kuchua shingo.

Mzee Sufiani akaelewa. Na alipoelewa, badala ya kuogopa, alitabasamu. Mia nne na kumi na wawili ni zaidi ya mia tatu. Ilikuwa ni kuwaweka tu mpaka siku ya tisini.

Tangu hapo akaanza kuwalisha. Kwenye ubao wa nje aliandika LEO KAMA JANA, na watu arobaini wakayanakili. Alianika kitaulo chekundu kwenye kidirisha cha kijichumba chake, kwa sababu kilikuwa kimelowa, na kesho yake wanamaji wakawa maradufu. Alipoona hivyo akakilowesha tena. Mara nyingine alifumba taa ya mtambo mara tatu kwa haraka, akakaa kusikiliza kalamu zinavyokwaruza kule chini. "Simdhuru mtu," alijiambia. "Kazi yao ni kushuku, nami nawapa kazi." Ilikuwa miaka mingi hajaona ukumbi umejaa, na alipokuwa akichungulia vile vichwa alijisahaulisha kwamba vimegeukia upande usiofaa.

*

Wiki ya kumi, Idara ya Usalama wa Hisia iligundua pengo: Jumapili saa nane hakuna jicho la Serikali. Maofisa wanawake hawakuwepo, maana Idara ilikuwa inawashuku wanawake kwamba wanaongea. Wakachaguliwa maofisa sita wanaume, wakavishwa mabaibui na vitambaa vya uso.

Wanawake wa Zuhali waliwajua kabla hawajaketi. Kila mmoja alikalia viti viwili. Mmoja alikuwa na kalamu sikioni, juu ya kitambaa. Na walipopitishiwa kachori za Bi Kidawa walikataa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu dunia iumbwe.

"Dada yangu," Bi Kidawa alimuuliza aliyekuwa karibu, "wewe wa mtaa gani?"

"Wa hapa hapa," sauti nene ikajibu.

"Mumeo nani?"

Yule dada alitoa kijitabu, akafunua kurasa mbili, akasema, "Tutakujulisha."

Wanawake wakafa kwa kicheko ndani ya khanga zao, wakawaacha. Walidhani ni mambo ya kuchekesha tu. Saa kumi na dakika ishirini ikafika. "Haya," alisema Bi Kidawa, na kilio kikaanguka. Maofisa sita wakageukia pazia kwa mara ya kwanza: mwanamke anaosha vikombe, anacheka. Wakawageukia waliaji. Wakatazama saa zao. Dakika tano baadaye yule mwanamke wa kwenye pazia akafa.

Jumatatu asubuhi Bi Kidawa alichukuliwa nyumbani kwake, unga wa kachori ukiwa bado mikononi. Hati ya mashitaka ilisema: kujua kifo kabla hakijatokea, na kutotoa taarifa kwa mamlaka husika.

"Hicho ndicho kitaulo chako," Bi Tausi alimwambia Mzee Sufiani, na siku hiyo hakusema naye tena.

Mzee aliona aibu. Kwa maana lilikuwa ni kweli. Yeye ndiye aliyewazoesha kudhani kwamba mle ndani kuna jambo. Wanawake wengine walipotishika wakaacha kuja, na Jumapili iliyofuata aliuona ukumbi kutoka juu: watu mia tatu na hamsini wamevaa baibui, na hakuna mwanamke hata mmoja. Ilipotimu saa kumi na dakika ishirini, mikono mia tatu na hamsini iliinuliwa kutazama saa. Hakuna aliyelia. Mke wa mfinyanzi akafa macho makavu yakimtazama, na aliyemlilia alikuwa opereta peke yake, kule juu, na hata yeye alilia baada ya kufa.

*

Siku ya themanini Mzee Sufiani alivaa kanzu yake ya Idi, akaenda Idara ya Usalama wa Hisia. Alipokewa na Naibu Mkuu, Bwana Gervasi Mpululu, mtu mwembamba ambaye kwenye meza yake kila kitu kilifunikwa, hata kifuniko cha wino.

"Mama huyu alijua," alisema Bwana Mpululu. "Dakika tano kabla. Tumepima kwa saa sita tofauti."

"Bwana mkubwa, ameiona filamu ile zaidi ya mara elfu."

"Hilo limeandikwa. Mara elfu ameshuhudia kifo kile kile, na hata mara moja hakupiga ripoti."

"Lakini ni sinema. Yule mwanamke hafi. Ni mwigizaji."

Bwana Mpululu aliweka kalamu chini taratibu. "Hakufa?"

"Hakufa."

"Afadhali angekufa, mzee, tungeelewana. Sasa unaniambia watu wazima wanalilia kifo ambacho hakikutokea, tena dakika tano kabla hakijatokea. Wewe ni mtu mzima mwenzangu. Huoni kwamba pana jambo?"

Bwana Mpululu alifunua faili nene. "Angekuwa peke yake tungemwachia, tukasema ni uzee. Lakini anaongoza kikundi cha watu mia nne na kumi na wawili. Tuna ripoti za ofisi tano, na zote zinakubaliana."

"Hao ni watu wenu."

Bwana Mpululu aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi. Ilionekana wazi kwamba hilo alishalifikiria peke yake, na lilikuwa linamtisha zaidi kuliko kikundi chochote, kwa sababu tangu zamani alikuwa anawashuku maofisa wake kuliko raia.

"Watoeni siku moja," Mzee Sufiani aliendelea. "Kila ofisi iwatoe wake. Halafu njoo uhesabu wanaobaki."

"Mimi siruhusiwi kuhesabu watu. Anayeruhusiwa ni Mhesabu Vichwa wa Serikali peke yake." Akatazama karatasi. "Naye anafika kwako siku ya tisini, Jumapili, onyesho la saa nane."

Mzee Sufiani alikuwa anaijua siku hiyo vizuri.

"Nitawaomba wenzangu wa ofisi zote wawaondoe watu wao siku hiyo," alisema Bwana Mpululu. "Ikisomeka sifuri, hakuna kikundi, na kama hakuna kikundi yule mama hana anachokiongoza, atarudi kwake. Lakini nisikilize, mzee. Akionekana hata mmoja, huyo ni kikundi. Wa kwanza akionekana, wengine wako karibu. Na hapo bibi yako atakaa ndani mpaka asahau filamu yenyewe." Halafu, kwa upole wa mtu aliyesomea upole, akaongeza, "Unajua lakini kwamba sifuri haifiki nusu ya viti."

"Najua," alisema Mzee Sufiani.

*

Siku ya tisini mtaa wa Zuhali ulikuwa mtupu, hata muuza kahawa akadhani kuna msiba ambao hakuambiwa. Bwana Mpululu na Mhesabu Vichwa walifika saa saba na nusu. Huyo Mhesabu alikuwa bwana mnene mwenye kidude cha kubofya mkononi, na kwa mazoea alipoingia alibofya mara mbili, kisha akakumbuka kwamba Serikali haihesabiwi, akakirudisha. Wakaketi katikati ya ukumbi. Mzee Sufiani aliwafungia mlango mkubwa, akawasha mtambo saa nane kamili, sauti kaifungulia mpaka mwisho, kisha akateremka ngazi za nje ili akae mlangoni. Mkanda mmoja ni dakika ishirini. Alikuwa na dakika ishirini kabla ya kurudi juu kuubadilisha.

Alipofika chini alimkuta Bi Tausi amesimama nje ya dirisha lake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya saa za kazi.

"Sufiani," alisema, "tazama kule."

Walikuwa wanakuja. Mbele kabisa alikuwa Bi Raya, jirani yake Bi Kidawa, na kapu kichwani, na nyuma yake wale bibi kumi na tisa wa kila Jumapili, na nyuma yao mabinti zao, wakwe zao, majirani, waalimu, wauza samaki, wanawake waliozalishwa na Bi Kidawa na wanawake aliowapokea yeye walipozaliwa. Foleni ilipita duka la dawa ikazunguka kona. Wanawake wale wale waliokuwa wanasimama ng'ambo na kusema "Ah, Zuhali," safari hii walikuwa wamevuka barabara.

"Wanapita mia tatu," alisema Bi Tausi kwa sauti ndogo. "Nimewahesabu kwa macho. Wanapita, Sufiani."

Bi Raya alifika mlangoni akihema. "Tumesikia leo ndiyo kuhesabiwa," alisema. "Tumekuja kuhesabiwa. Tumezunguka nyumba kwa nyumba wiki nzima. Na kachori tumekaanga wenyewe, si kama zake, lakini mtakula."

Mzee Sufiani alisimama pale mgongo umegusa mlango. Nyuma yake muziki wa kufungulia filamu ulikuwa unatikisa mbao. Mia tatu, tena wenyewe hasa, wa kucheka pale penye mbuzi na kulia pale penye vikombe. Alikuwa amewangoja hawa kwa miaka, na sasa wamekuja, na Mhesabu Vichwa yumo ndani na kidude chake. Ilikuwa ni kusogea hatua moja tu.

Aliwaza kuwaambia ukweli. Akaitazama foleni ndefu ile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawatazama watu wake mwenyewe kwa kushuku: nani kati ya hawa ametumwa? Yule mrefu? Yule asiyebeba kitu? Mmoja akilifikisha neno kwa Bwana Mpululu, Bi Kidawa hatoki.

"Leo hakuna sinema," alisema.

"Tunaisikia," alisema Bi Raya.

"Najaribu mtambo. Nendeni nyumbani."

"Sufiani, leo ndiyo siku ya mwisho. Tusipohesabiwa wanavunja."

"Nimesema nendeni nyumbani. Mnataka niwaite askari?"

Maneno hayo yalianzia mbele yakapita nyuma, mtu kwa mtu, mpaka kwenye kona. Bi Raya alimkodolea macho muda mrefu. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyeelewa jambo, na alichokielewa hakikuwa sahihi.

"Kumbe na wewe ni wao," alisema. "Ndiyo maana Kidawa alichukuliwa."

Alilitua kapu chini miguuni pake. "Kuleni na wenzako," akamwambia, akageuka. Foleni ikavunjika taratibu. Wengine walimtazama, wengine waliona hata kumtazama ni hasara. Bi Tausi, aliyekuwa anajua kila kitu, aliingia ndani ya kibanda chake akaliteremsha pazia la dirisha ili mtu asimwone akilia.

Mzee Sufiani alipanda ngazi na kuuwahi mkanda wa pili kwa sekunde chache.

Sheria ilimtaka Mhesabu Vichwa akae mpaka mwisho. Saa kumi na dakika ishirini, kule kwenye pazia mke wa mfinyanzi aliosha vikombe. "Mbona vikombe viwili, naye yuko peke yake?" aliuliza Mhesabu. Baada ya muda alipenga kamasi, na Bwana Mpululu akaliandika hilo kwenye kijitabu chake pamoja na saa. Taa zilipowashwa, Mhesabu alipita safu zote sitini, akainama mpaka chini ya viti, akasaini: sifuri.

*

Jumanne cheti cha kifo cha Sinema Zuhali kilibandikwa mlangoni, na mitambo ya kubomolea ikaegeshwa pembeni. Safari hii wabomoaji waliambiwa mlango ni upi. Jumanne hiyo hiyo, saa tano asubuhi, Bi Kidawa aliachiwa. Hakwenda nyumbani. Alikuja moja kwa moja Zuhali na bahasha yake ya kaki, akamkuta Mzee Sufiani ameketi kwenye ngazi za mbele, kichwa amekiinamisha.

"Wamenirudishia kila kitu isipokuwa miwani," alisema. "Wanasema ndiyo niliyoonea. Hiyo karatasi mlangoni inasemaje?"

"Inasema wanavunja."

Bi Kidawa alitikisa kichwa. Akapapasa ncha ya khanga. "Yule Mpululu alinifungulia mlango mwenyewe," alisema. "Akaniambia, nenda zako mama, tumethibitisha huna watu. Jumapili hakuja hata mmoja, ukumbi mzima, sifuri. Alidhani ananipa habari njema. Miaka yote ile, Sufiani. Ningebaki kule kule ndani, ingekuwa bora kuliko kusikia hivyo."

"Walikuja," alisema Mzee Sufiani.

"Usinibembeleze."

"Walikuja, Bi Kidawa. Foleni ilizunguka kona. Mimi ndiye niliyewafukuza."

Bi Kidawa alimwangalia. Bila miwani ilimbidi ainame karibu sana ili auone uso wake, na akauangalia kwa muda, kama alivyokuwa akiwaangalia zamani wanawake waliokuwa wakimdanganya kuhusu uchungu. Kisha akamwambia asogee, akaketi naye kwenye ngazi.

"Wote?" aliuliza.

"Wote."

"Nitajie. Mmoja mmoja."

Katika nchi ile kuna ofisi tano za kutajia watu majina, na zote hufunguliwa saa mbili asubuhi. Mzee Sufiani alikuwa hajawahi kuingia hata moja kwa shughuli hiyo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Wa kwanza alikuwa Raya," alisema. "Amejitwika kapu."